Maparachichi Yasiyo na Kokwa

Asajile alijivunia vitu vyake kimyakimya, ndiyo maana hakuna mtu Itaka ambaye hakuvijua. Alijivunia kahawa yake, kwaya yake ya Moravian, na zaidi ya yote bintiye Tabita, aliyekuwa Morogoro akisomea mbegu. Si kuziuza, kuzisomea. Asajile aliwaeleza majirani kazi hiyo bila kuielewa hata kidogo, na hakuna aliyemgundua, maana nao hawakuielewa.

Jumamosi waliyokuja wakwe watarajiwa kutoka bondeni Momba, alikuwa na jambo moja tu moyoni: posa isivunjike. Tabita alishampenda huyo Ngusa, kijana wa wafugaji, na Tabita akipenda, amependa. Tatizo halikuwa Ngusa. Tatizo lilikuwa shangazi yake, Germana, ambaye kwa habari zilizofika alikwisha kukataa mabinti wawili wa watu, mmoja kwa kucheka mno, wa pili kwa kutocheka.

Sasa, shambani kwa Asajile mparachichi mmoja ulikuwa umezaa matunda ya ajabu, membamba kama vidole, na ganda lake laini unakula pamoja na nyama. Miti mingine ilizaa ya kawaida tu. Asajile akaona wageni wa heshima hawapewi ya kawaida. Mkewe Yunisi alimwambia aachane nayo. Hakumsikiliza. Akayaosha mwenyewe, akayapanga kwenye sinia.

Wageni wakakaribishwa. Ndalahwa, baba yake Ngusa, akaisifu baridi ya huku Mbozi kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Germana hakusifu kitu. Alichukua parachichi, akalipasua, akalitazama. Akapasua jingine. Akapasua na jingine.

“Kokwa ziko wapi?”

“Hayana, mama,” akasema Asajile, kifua mbele. “Ndiyo uzuri wake. Unakula lote.”

Germana akafuta kisu. “Ukoo wetu tukienda kuposa, tunaangalia chakula cha kwanza tunachopewa. Nyumba hii imetupa matunda yasiyozaa.”

Asajile alitamani ardhi ipasuke immeze. Yunisi alimtazama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ndalahwa akakohoa, akaanza kutafuta kofia yake.

Tabita, aliyerudi kutoka chuoni kwa ajili ya posa, alikuwa kwenye mkeka, kichwa chini kama alivyofundwa. Akakiinua.

“Shangazi, naomba niseme. Maua ya mti ule yalitangulia kutoka, yakapigwa na baridi. Tunda likaendelea kukua, lakini kiinitete ndani kikafa mapema, au hakikuanza kabisa.”

“Kiinitete ndiyo nini?”

“Kichanga cha mmea, ndani ya mbegu. Kuna protini zinazokianzisha. Moja ikiwa peke yake haifanyi kitu. Mpaka ikutane na mwenzake, zishikane, ndipo chembe hai ya kwanza inapata agizo: gawanyika, huku jani, huku mzizi. Zisiposhikana hakuna agizo, na mbegu hakuna. Kwenye mmea ninaousomea mimi, protini nyingine zinatoka upande wa kike, nyingine zinaletwa na chavua.”

“Na chavua ndiyo nini?”

“Upande wa kiume.”

Ndalahwa akaiacha kofia. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na hapa sasa wamefika kwenye mambo anayoyajua. “Kwa hiyo mbegu ikikosekana, kasoro inaweza kuwa ya dume?”

“Inaweza, baba.”

Watu wote wakageuka kumtazama Ngusa, ambaye alikuwa anakula. Akaacha kutafuna.

“Jamani, mimi nimefanya nini?”

Asajile kicheko kilimfika kooni, akakimeza kwa hofu. Germana hakuwa anacheka.

“Rudia,” akamwambia Tabita.

“Kasoro inaweza kuwa ya upande wa kiume.”

“Na kwa watu?”

“Na kwa watu, shangazi. Hospitali wanapima wote wawili.”

Germana akayatazama yale mapande kwenye sinia. “Mimi nilikuwa na mume,” akasema, kwa sauti ileile aliyoulizia kokwa. “Sikuzaa, wakanirudisha. Ng'ombe wa mahari wakarudi. Akaoa mwingine, na huyo pia akamrudisha kwao. Akaoa wa tatu. Yuko naye mpaka leo, wao wawili na kuku wao. Hakuna aliyemtazama yule mwanamume. Hata mimi sikumtazama.”

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Asajile alimwonea huruma mpaka akajishangaa, maana tangu asubuhi alikuwa akimwogopa tu. Ndalahwa aliinamia sakafu. Yeye ndiye aliyewaswaga wale ng'ombe kuwarudisha kwa mume, akarudi na dada yake, na njia nzima hakumsemesha.

Germana akachukua kipande, akala na ganda lake.

“Posa iendelee,” akasema. “Ila na hili lisikiwe na wote. Wasipopata mtoto, huyu binti harudishwi. Na wa kwanza kupimwa ni Ngusa.”

“Sawa, shangazi,” akasema Ngusa haraka, kama mtu anayeepa fimbo.

Yunisi akapiga kigelegele, kifupi, cha majaribio. Asajile akashusha pumzi yote aliyokuwa ameibana.

“Dada,” Ndalahwa akaanza, sauti imemkauka, “wale ng'ombe…”

“Kula kwanza,” akasema Germana, akamsogezea sinia.

Ndalahwa akala. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hakuna aliyemcheka.