Roza Amelala kwenye Mkeka

…na amelala, hata masikio hayachezi, mbwa mzima kaletwa na ndege kutoka kwao aje kuwasikiliza watoto wa Dutwa wakisoma, naye amelala, mkeka wenyewe tumeuazima kwa mke wa mchungaji, mimi nimesimama mlangoni miguu inaniwaka, haya ndiyo mageuzi, kila kitu ruksa, wanunuzi wa pamba wasiojulikana walikotoka, mitumba mpaka ya soksi, sasa na walimu wa miguu minne, eti Roza, jina alilobatizwa shangazi yangu, anachanwa nywele kila asubuhi, anaogeshwa kwa sabuni ya kunukia, mimi mwenye cheti cha ualimu naogea ya mche… "Mbwa hamcheki mtoto akikosea," alituambia ofisini yule mama wa mradi aliyemleta, na mwalimu mkuu akawa anaitikia kwa kichwa kama mjusi, angeambiwa mbuzi hufundisha hesabu angeitikia vilevile, ilimradi watu wa mradi watuachie mabati ya paa… mbwa nawajua, nyumbani Ipililo walilala zizini, walikula ukoko, baba aliwapa majina ya kumsuta jirani, ukimwita mbwa jioni jirani anapata salamu zake, hakuna aliyewasomea kitabu… "Mwalimu Apolonia, mayu, nimchukue sasa?" Huyo ni mzee Mahona, nyuma yangu, ananiita mama kwa Kisukuma, hajaiachia baiskeli yake, "ndama wamebaki peke yao," "Subiri amalize, baba," namjibu, amalize nini, mimi mwenyewe nilimwita nikamwambia binti yake Nyanjige hasomi, mwaka mzima kafunga mdomo, unapoteza sare bure, na mzee hakubisha, alisema basi sare hiyohiyo ataivaa mdogo wake wa kiume, wamekwisha hata kuishona upya kichwani mwao, leo amekuja kumwondoa moja kwa moja na anakuta binti yake kakaa na mbwa, ataenda kutusimulia kilabuni, tutachekwa mpaka Bariadi… "Bibi anapepeta mtama," nani huyo, "upepo umechukua makapi," ni yeye, Nyanjige, kidole kinatembea chini ya maneno, sauti nyembamba lakini ni yake, bahati tu, kakariri kwa wenzake, halafu anainama kwenye sikio la mbwa na kumweleza yote upya kwa Kisukuma, bibi, upepo, makapi, taratibu, "wigwa?" anamuuliza, umesikia, anarudia… mtoto mjinga, mbwa wa Mzungu huyo, Kisukuma atakijulia wapi, ila nani kwetu aliwahi kusema na mbwa kwa Kiswahili, mbwa na ng'ombe tunawasemesha kwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo anamfasiria, amemwonea huruma mgeni asije akapitwa… na ukifasiri umeelewa, hilo nalijua, nilifundishwa chuoni, kwangu darasani anayesema Kisukuma anavaa kibao shingoni mpaka apatikane mwingine, Nyanjige alikivaa wiki ya kwanza, watoto wakamcheka, nami nilicheka, tangu hapo hakufungua mdomo tena na mimi nikasema hajui… "bibi amechoza," hapana, "amechoka," amerudi mwenyewe, amerekebisha mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono… simpendi mbwa huyu, sitampenda, kalala tu, hajafanya kitu chochote, na mtoto anampa maneno yote, mimi sikupewa hata moja, naona wivu, Mungu anisamehe, namwonea mbwa wivu… "Mayu, jua linakwenda," mzee Mahona ameegesha baiskeli, anasogea, anavuta pumzi amwite binti yake, "wigwa?" anauliza Nyanjige huko ndani na kufunua ukurasa, nami nimeweka mkono kwenye mwimo wa mlango, kwamba binti yake hasomi nilimwambia mzee huyu kwa kinywa hikihiki, lakini hapiti.