Gauni Lililotazama Kaskazini

Shemeji yangu alipima ardhi maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu akakosa cha kupima. Wiki ya kwanza alipima uzio. Wiki ya pili akapima kivuli cha uzio. Iliyofuata akanigeukia mimi, akasema nimepungua upande wa magharibi. Hapo ndipo nilipomwambia dada yangu amtafutie mumewe kazi, kabla hajasimika mawe ya mpaka katikati ya kitanda.

Kazi ilijileta yenyewe. Dada alipasuliwa tumbo. Daktari aliridhika na kidonda kikafunga vizuri, lakini kilikuwa kimechagua kukaa palepale panapokaa mkanda wa sketi, mpira wa suruali na kiuno cha kila gauni alilokuwa nalo. Kila alichovaa kilimbana, naye akakivua kwa maneno ambayo marehemu mama hakutufundisha. Akabaki na gauni la kulalia tangu asubuhi hadi jioni.

Dada yangu ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Mtaa wetu una kisima kimoja na pampu moja, na ufunguo wa pampu unaning'inia shingoni mwake. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi. Mpinzani wake ni jirani tunayemwita Mama Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, na tayari alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na sauti ya msibani: "Tumwache mwenzetu apumzike jamani. Mtu hata nguo haziwezi, pampu ataiweza?"

Maneno hayo yalipotufikia, dada aliweka kikombe chini taratibu.

"Habari za nguo zangu kazipata wapi?"

Shemeji alikuwa anatazama dari, kama mtu anayetafuta uvujaji.

"Mpima, nakuuliza wewe."

"Aliniuliza hali yako. Nikampa hali yako."

"Yote?"

"Aliuliza vizuri."

Kwenda mkutanoni na gauni la kulalia kulikuwa sawa na kuupeleka ufunguo kwa Mama Redio kwenye sahani. Fundi cherehani pekee wa mtaa ni mpwa wa Mama Redio. Ukimwachia kiuno chako asubuhi, mchana kinatangazwa. Nguo za dukani dada alikwisha kuzijaribu, nazo zilimuuma. Mpima aliyatafakari hayo yote, akakohoa, akasema, "Nitashona mimi."

"Wewe?"

"Nguo ni nini, mke wangu? Ni ramani iliyozungushiwa mtu. Kuna vilima, halafu kuna bonde..."

"Ishia hapo bondeni," dada akasema. "Kaka yangu anasikia."

Akaenda mjini, akarudi na kitambaa cha kuvutika, kile cha kushonea fulana, laini, chenye mistari ya buluu na nyeupe. Muuzaji alimwambia ndicho kipande cha mwisho. Tena alileta bahasha ya karatasi za kukatia gauni. Juu yake palichorwa mwanamke mrefu aliyevaa gauni pana, lisilo na kiuno wala zipu, anacheka peke yake. Ndani mlikuwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, imekunjwa kwa ustadi wa kishetani. Tuliikunjua mara moja tu. Ilijaza sebule, ikaingia ukumbini, na tulipotaka kuirudisha kwenye bahasha ilikataa. Mpaka leo inaishi kwenye gunia.

Kulikuwa na kijitabu cha maelezo pia. Mpima alikichungulia, akakikunja, akakisokomeza chini ya mguu wa cherehani ya marehemu mama, mguu ule mfupi.

"Maelezo ni ya watu wasiojua ramani," akasema.

Mistari ya saizi ilikuwa imepandiana kama mistari ya kuonyesha mwinuko wa mlima, saizi ndogo ndani, kubwa nje. Hapo alikuwa nyumbani. Alimpima dada kifua, tumbo na nyonga, akaandika bila kutoa maoni, jambo ambalo naamini liliokoa ndoa. Akachagua mstari wake, akaukata bila kutetereka. Kisha akaona mshale.

Kila kipande cha karatasi, cha mbele, cha nyuma na cha mikono, kilikuwa na mshale mrefu katikati. Uso wa Mpima ukang'aa.

"Shemeji," akaniambia, "hawa waliochora ni wasomi. Wameweka kaskazini."

"Gauni lina kaskazini?"

"Ramani yoyote yenye heshima ina kaskazini. Leta dira, iko kwenye droo ya vijiko."

Nilileta. Tukaweka dira juu ya meza, sindano yake ikatikisika na kutulia. Tukasogeza kochi na kabati ili kufungua njia. Meza yetu ni ndefu, na kwa jinsi sebule ilivyo haikuweza kukaa ila kutoka mashariki kwenda magharibi. Mpima akatandaza kitambaa kwa urefu wa meza, akapanga karatasi juu yake, mishale yote ikaelekea kaskazini, yaani kwenye friji. Akabana pini. Akakata. Dada alikuwa amelala chumbani. Nami nilidhani mwanamume aliyegawa nusu ya wilaya hawezi kushindwa na gauni moja.

Kushona alishona vizuri, haki yake tumpe. Sindano ya kawaida iliruka mishono, akaitoa, akaweka ile ya ncha ya mviringo aliyopewa dukani, isiyotoboa nyuzi bali kuzipisha. Akashona kwa mshono wa zigizaga ili uzi usikatike nguo ikivutwa. Ijumaa asubuhi gauni lilikuwa tayari ila pindo, mistari imesimama wima kama mvua, na akamwita mwenye mali.

Dada aliingiza mikono, akaingiza kichwa. Kichwa kilitokeza. Kilichobaki hakikutokeza. Alisimama mikono juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi benki.

"Vuteni!"

"Tuvute kwenda wapi?"

"Chini, jamani! Kwani mnataka nielekee wapi?"

Tukavuta. Gauni lilikuja bila ubishi, ila lilikuja kwa urefu tu. Lilifika magotini, likafika sakafuni. Mimi nilirudi nyuma nimeshika ncha hadi mlangoni, nikashuka ngazi, nikapishana na paka, na bado lilikuwa linakuja. Dada alikuwa chumbani palepale. Kwa upana halikuongezeka hata unywele. Tulipolisukuma likaingia kwa nguvu, lilimshika tumbo barabara, akaacha kupumua ili kidonda kisiguswe.

"Inua mkono," Mpima akasema, kwa sauti ndogo.

Haukuinuka. Na kwenye kamati yetu kura ni mkono.

"Kesho nitapigaje kura?" dada akauliza. "Kwa nyusi?"

Tulimvua. Ilichukua muda, na paka hakurudi mpaka jioni. Dada akakaa kwenye kochi na gauni lake la kulalia, akanyoosha kidole kwenye mguu wa cherehani.

"Nipe hicho kitabu."

Mpima alikitoa, cherehani ikainama kama inayoomba radhi. Dada akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma tena. Akachukua kijipande cha kitambaa kilichobaki, akakivuta huku, kikagoma. Akakivuta kule, kikanyooka, kisha kikarudi.

"Mpima."

"Naam."

"Mshale huu si kaskazini."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeambiwa mto unapanda mlima.

"Kitambaa hiki kinavutika upande mmoja tu," dada akasema, "kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Mshale unatakiwa ufuate ukingo, ili kule kuvutika kumzunguke mtu tumboni. Wewe umeulaza. Umenishonea gauni la kurefuka."

"Linafaa mtu anayekua," nikasema, nikijaribu kusaidia.

"Kaka, nenda kapike chai."

Chai ilipochemka walikuwa bado wamekaa. Kitambaa kingine hakikuwepo. Nje, Mama Redio alikuwa akimweleza mtu, kwa sauti ya kufika mitaa miwili, kwamba yeye akipata ufunguo ataupaka rangi. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaligeukia gauni, lililoning'inia kwenye msumari ukutani. Toka tulitundike lilikuwa limeshuka zaidi. Pindo lilikuwa limekaa sakafuni limejikunja kama mbwa.

"Hivi Mpima, ulipokuwa kazini, mtu akija na kiwanja kirefu kama nyoka, hakina upana hata wa kuweka kitanda, ulikuwa unafanyaje?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama jirani anakubali kubadilishana, unamega kusini, unaongeza mashariki na magharibi."

Dada alimwachia nafasi afike mwenyewe. Mpima akatazama gauni. Akatazama pindo. Akainuka.

"Jirani atakubali?"

"Jirani ni mimi," dada akasema. "Kata."

Akatandaza gauni mezani na kukata urefu wote uliozidi, ukanda mpana uliozunguka pindo zima. Akaupasua kwa urefu ukawa kanda mbili. Sasa, ukanda ule ukiwa pindoni ulikuwa unavutika juu na chini; ukiusimamisha wima, unavutika kushoto na kulia. Alipousimamisha na kuuvuta, ukafunguka kama akodioni, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata siku ya harusi. Akafumua mbavu za gauni kutoka kwapani hadi chini, akashonea ukanda mmoja mashariki, mwingine magharibi. Dada alikaa pembeni na kile kijitabu, anamsomea, naye Mpima anaitika "Naam" kila mstari. Mbele na nyuma mistari ilibaki wima, ubavuni ikalala.

Jioni alilivaa peke yake, mlango umefungwa. Tulisubiri nje. Kisha mlango ukafunguka na mkono ukatangulia, umeinuliwa juu kabisa.

Jumamosi tulikwenda kwenye banda la pampu. Dada alitembea kwa miguu yake, taratibu, ufunguo shingoni. Mama Redio alikuwa amekwisha kuandaa uso wa pole, akaja nao mpaka katikati, ukamwishia njiani. Macho yake yalianza kwenye mabega, yakateremka ubavuni, yakabaki huko.

Katibu akasema wanaomtaka mwenyekiti aliyepo wainue mikono. Tukainua. Dada naye akainua wake, gauni likafunguka ubavuni na kujirudi kwa adabu. Mama Redio, aliyekaa nyuma yake, akashindwa kujizuia. Akainua mkono:

"Samahani katibu, mimi nina swali. Hilo gauni kalishonea wapi?"

Wafuasi wake, waliozoea kuufuata ule mkono bila kungoja maneno, wakainua yao. Banda zima likawa mikono.

"Rudia kura," dada akasema. "Sitaki ufunguo wa bahati nasibu."

Katibu akafuta, akaanza upya, safari hii kwa mpinzani kwanza. "Wanaomtaka Mama Redio!"

Wafuasi wakamtazama Mama Redio. Mama Redio alikuwa ameinama nyuma ya dada yangu, mikono yote miwili kwenye mshono wa ubavu, anauvuta na kuuachia, anauvuta na kuuachia. Hakusikia. Mkono haukuinuka, na ya wafuasi nayo ikabaki mapajani. Katibu alingoja kwa haki yote, akauliza tena, akaandika. Wapo wanaodai naongeza chumvi hapa. Kamuulizeni katibu.

Ufunguo ulibaki shingoni palepale. Mama Redio alipojua kilichotokea, alipandwa na hasira, ikashuka, akasema, "Haya, maji chukua. Nijibu swali langu."

"Mume wangu ndiye aliyeshona."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

Mama Redio alimzunguka Mpima mara moja, kama anayenunua kabati. "Shemeji, na mimi utanishonea?"

"Bila shaka," akasema Mpima. "Kwanza niambie, sebule yako imeelekea wapi?" Na akachomoa dira mfukoni.

Dada yangu akanyoosha mkono, mrefu, bila kubanwa popote, akampokonya.