Kandambili ya Mtu Aliyepona

Fundi alifumua tena mshono wa kushoto wa gauni lake, akapuliza nyuzi mezani, akautazama mkasi kwa hasira. Magauni ya wateja hajawahi kuyakosea kifua. Hili la kwake, la kuvaa kwenye mahafali ya mdogo wake, linabana upande mmoja kama limekatwa na mlevi.

"Simama hapa," alisema shoga yake wa cherehani ya pili, Mama Pacha. Akamzungushia futi, akapima upya. "Mwenzangu, usiuonee mkasi. Gauni halina kosa."

Fundi akapeleka mkono karibu na kwapa. Kivimbe kilikuwepo, kigumu kama kifungo kilichoshonewa ndani. Siku zote hizo alikuwa akisahihisha kitambaa.

Mama Pacha alirudi kwenye kazi yake, na mngurumo wa cherehani ukamchukua Fundi mbali. Akajiona ana miaka kumi na minne, amelala chali kwenye chumba cha baridi, mashine kubwa ikimzunguka taratibu na kuimba sauti moja. Walikuwa wamemchanja nukta za wino kifuani ili mionzi isipotee njia. Haikuuma. Alikuwa kama anaelea, anawaza nywele zake zilizoondoka na dawa za dripu, anamuwaza mama yake nje ya ule mlango mzito. Saratani ya tezi za kifuani ikanywea. Wakamwambia umepona, nenda kaishi. Naye akaenda akaishi, akajifunza kushona, akamsomesha mdogo wake. Nani amlaumu kwa kusahau?

Zahanati ya mtaani hawakumgusa. "Wewe ni wa hospitali kubwa, faili lako liko kule." Basi akaenda kule.

Wagonjwa wa kule wana desturi yao. Foleni ya kesho hupangwa leo: kila mtu huacha kandambili moja sakafuni mbele ya dirisha la kliniki, akaenda kujilaza ukumbini na nyingine mguuni. Haibiwi wala hairukwi. Fundi akaiweka yake mwisho wa mstari, akakaa karibu na mama mmoja mtu mzima waliyekuwa wakimwita Mwalimu. Mwalimu alikuwa amefungua kifungo cha juu kwa joto, na pale kifuani palikuwa na nukta ya wino.

"Hiyo ninayo na mimi," Fundi alisema. "Lakini nilipona."

"Hata mimi nilipona, mwanangu." Mwalimu alitabasamu kwa uchovu. "Kisha ikaja nyingine, ya titi. Daktari akasema mionzi na zile dawa huponya hii, halafu miaka ikishapita mtu anaweza kupata nyingine. Si kila mtu. Ila msichana aliyepigwa mionzi kifuani anatakiwa aangaliwe mapema, kila mwaka. Wewe walikuwa wanakuangalia?"

"Sikuambiwa."

"Mimi pia. Ndiyo nimechelewa. Wewe usichelewe."

Feni ya darini ilizunguka kivivu, na Fundi akaitazama mpaka ukumbi mzima ukawa kama unazunguka nayo. Hakuichukia ile mashine. Bila yenyewe asingefika hata ishirini. Kilichomchoma ni kuambiwa nenda bila kuambiwa urudi lini.

Kabla ya kufunga, karani alitoka kukagua kadi za wenye kandambili. Ya Fundi akaigeuza mara mbili.

"Faili hili limefungwa. Ulipona. Kliniki hii ni ya wagonjwa."

"Nina uvimbe, kaka."

"Zahanati wakuandikie."

"Wamenirudisha kwenu."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Kipimo cha matiti kinaanzia arobaini. Rudi ukifikisha." Alisema bila ubaya wowote, kama anayemwelekeza mtu kituo cha basi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kisha akamgeukia mlinzi. "Mzee, toa hiyo kandambili. Huyu mzima."

Mlinzi akaisukuma kwa buti hadi nje ya mlango.

Fundi akaifuata. Uani mashuka ya wodi yalikuwa kambani, yanajaa upepo na kunywea, na saruji ilikuwa na uvuguvugu chini ya unyayo wake mtupu. Usingizi mtamu ulimpitia akiwa amesimama. Angeweza kwenda nyumbani. Ule mshono angeuachia kidogo tu, gauni likae sawa, na kile kitu kipate nafasi ya kukua kwa raha zake. Mahafalini wangemsifu. Kazi hiyo angeifanya amefumba macho.

Akaogopa, akaogopa kweli. Akaiokota kandambili, akarudi ndani, akaiweka mwisho wa mstari pale pale.

"Dada, hukusikia?" mlinzi aliuliza.

"Nimesikia, baba." Akaketi sakafuni, mkono juu ya kandambili.

Mlinzi akamtazama karani. Karani akaitazama saa yake.

Mwalimu, ambaye kandambili yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza mstarini, aliinama polepole akishika kiuno, akaichukua ya Fundi, akaiweka mbele ya yake. Wa pili akairudisha yake nyuma kidogo, na wa tatu, mpaka mstari wote ukasogea. Karani akashusha pazia la dirisha. Kesho atakapolipandisha, cha kwanza kukiona kitakuwa kandambili ya mtu aliyepona, na mwenyewe akiwa ameketi kando yake.