Lebo ya Pili

Katika chumba cha mimea mikavu cha kituo cha utafiti kulikuwa na sheria moja ambayo Mama Gundi, msimamizi wake, hakukubali ipindwe hata kidogo: lebo ya zamani haifutwi. Mtu akigundua kwamba mmea ulipewa jina lisilo lake, anaandika lebo mpya, anatia jina lake na tarehe, anaibandika kando ya ile ya kwanza. Kosa linabaki wazi, na mwenye kosa vilevile.

Msusi aliipenda sheria hiyo mpaka ilipomgusa yeye. Walimwita Msusi kwa sababu kabla ya kujifunza mimea alikuwa akisuka watu nywele. Ili aajiriwe, alitakiwa kuleta mimea ishirini ya asili ya eneo lile, aliyoichuma, kuikausha na kuitambua mwenyewe. Kumi na tisa ilikwisha kupita. Wa ishirini ulikuwa kichaka cha kando ya kijito, ambacho kilikuwa na lebo kabatini tangu yeye hajazaliwa: jamaa ya mbuni, mti wa kahawa. Aliyeiandika ni baba yake, mchumaji mimea wa kituo kwa miaka thelathini, yule yule aliyemfundisha kuvunja jani, kulinusa na kuliinua kwenye mwanga.

Asubuhi ile alipiga magoti kwenye tope, akapasua ua jeupe kwa ukucha, akaliweka chini ya lenzi. Ua la mbuni huwa na vijiti vitano hivi vya chavua. Hapa alihesabu viwili. Akapasua jingine. Viwili. Akapasua la tatu, kana kwamba hilo litamwonea huruma. Viwili tu. Akatazama kati ya vikonyo vya majani yanayoelekeana. Kile kigamba kidogo ambacho jamaa ya mbuni huwa nacho hapo hakikuwapo. Kichaka hiki kilikuwa jamaa ya yasmini, na baba alikuwa amekosea.

Angeweza kuandika mbuni na hakuna ambaye angeshtuka. Uongo ungekaa kabatini kwa miandiko miwili ya nyumba moja, na mzee angelala usingizi wake.

Jioni alimwambia. Baba aliweka kikombe chini.

"Miaka thelathini," alisema, "na leo nafundishwa mbuni na mtu niliyemfundisha kushika kijiko."

"Baba, nimehesabu maua matatu."

"Kahesabu kumi." Akafungulia redio.

Msusi alilala akijuta kutonyamaza. Lakini kulipokucha alimkuta baba mlangoni, amevaa viatu vyake vya porini, lenzi ya zamani ikining'inia shingoni. Walikwenda polepole kwa sababu ya goti la mzee, ambalo alilitukana njia nzima. Kijitoni alipasua maua kumi, hakupunguza hata moja. Kisha akakaa juu ya jiwe.

"Mimi nilikuja kiangazi," alisema. "Hakikuwa na ua hata la dawa. Nikaona majani, nikaona kovu kwenye tawi, nikadhani ni la kigamba kilichoanguka, nikajifanya najua." Akacheka kidogo. "Nimeumia, mwanangu, nisikufiche. Haya, nishike mkono, twende kwa yule mama."

Mama Gundi aliitoa kabatini karatasi ya zamani yenye mmea na lebo ya baba. Msusi akaandika jina jipya vizuri, lakini lake mwenyewe akaliandika chini kwa herufi ndogo ndogo, kama mtu anayeomba radhi. Baba akainama, akasoma, akairarua ile lebo mpya.

"Andika jina lako lionekane," alisema. "Siku mtu akija kukusahihisha wewe, asihangaike kumtafuta aliyekosea."

Msusi akacheka huku machozi yakimlengalenga, akaandika upya. Baba ndiye aliyeipaka gundi. Akaiweka kando ya lebo yake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.