Soksi Kwenye Mdomo wa Valvu

Mwenye mtoto fundi wa magari asome hapa. Na fundi mwenyewe, kama anasoma, atulie kidogo asiruke mistari. Haya yalitokea kwetu Bariadi msimu wa pamba uliopita, na gari lenyewe halikuwa bovu. Lilikuwa zima kuliko siku zote.

Mwanangu Masele ana gereji kandokando ya barabara ya Lamadi, yeye na mwenzake Jilala. Kazi zao ni trekta, pikipiki na malori ya pamba. Ndipo akaja Abdulrazak, afisa aliyehamishiwa mkoani kwetu kutoka Tanga, na gari lake dogo la mbio lenye turbo. Kijana ana adabu, nikifika tu shikamoo yake inatangulia. Ila akili yake yote ilikuwa kwenye lile gari. Vijana wa Shinyanga walikuwa wamemwalika washindane, na gari kila likikimbizwa linavuja oili.

Nitaeleza nilivyoelezwa. Injini ikiwaka, moto wa juu ya pistoni haubaki wote huko juu. Moshi kidogo unapenya pembeni ya ringi, unashuka chini kwenye tumbo la injini pale krenki inapozungukia. Gari la kawaida linautoa kwa matundu yake ya kupumulia, halina shida. Gari lililoongezwa nguvu moshi unajaa mwingi, unasukuma oili itokee popote penye upenyo. Basi Abdulrazak akaagiza Dar pampu ya kuunyonya huo moshi. Inafungwa mbele ya injini na kuzungushwa na mkanda. Mpira mnene unatoka kwenye kifuniko cha juu cha injini unaingia kwenye pampu, na kinachonyonywa kinaishia kwenye kopo. Matundu mengine yote yanazibwa. Linabaki moja tu lenye valvu ndogo, ili pampu ikinyonya kupita kiasi valvu ifunguke yenyewe na kuingiza hewa ya nje. Aliyeiuza alilisema hilo kwa simu, na Masele alikuwa ameweka spika, tukasikia wote: mdomo wa valvu uachwe wazi.

Mimi hofu yangu haikuwa pampu. Kaka yake Masele alifia kwenye bodaboda njia ya Mwandoya, na tangu hapo kitu chochote kinachokimbia sikitaki karibu na wanangu. Nilimwambia Masele afunge anachofunga, lakini ndani ya lile gari asipande. Akaniita mama kwa Kisukuma, akanijibu kwa upole, “Mayu, mimi ni mtu wa spana. Usukani una mwenyewe.” Nikashika neno hilo nikakaa nalo.

Kufunga hakukuwa rahisi. Walikata chuma cha kushikia pampu, mkanda ukawa unaruka kwa sababu puli hazikukaa mstari mmoja, wakarudia. Nilikuwa napeleka chakula mchana, na Jilala ananipokea kwa salamu ya Kisukuma na maneno yake. “Mwangaluka, Mama Masele. Leo umeleta ugali au umeleta ukaguzi?” Namwambia vyote viwili, ale kwanza. Siku walipofaulu, Masele aliifuta injini yote kwa kitambaa cheupe, wakalikimbiza gari, wakarudi akaifuta tena. Kitambaa kikatoka safi. Abdulrazak alikikunja akakitia mfukoni kama hati ya kiwanja.

Halafu pamba ikaanza kununuliwa. Anayeishi huku anajua. Malori yanapita yamejaa mpaka juu, manyoya ya pamba yanaruka barabarani, yanaingia puani na kwenye chai. Kila trekta msimu huo inavalishwa soksi mdomoni pake pa hewa, na mashine za kusaga vilevile. Hakuna fundi anayefikiria, mkono unakwenda wenyewe. Masele akaona nyuzi nyeupe zimenasa kwenye ile valvu. Akachukua soksi ya kuchezea mpira, akaikunja mara mbili, akaivalisha, akaikaza kwa kipande cha tyubu. Abdulrazak akamsifu kwa usafi wake. Na yale maneno ya kwenye simu, ambayo sote tulikuwa tumeyasikia, hakuna aliyeyakumbuka. Kwa macho yetu soksi haizibi kitu, soksi inachuja.

Baada ya siku kadhaa gari likaanza kutoa sauti. Ilikuwa nyembamba, ndefu, ikipanda kadiri injini inavyopandishwa. Nilikuwa nimesimama na bakuli langu nikauliza inalia nini.

“Mluzi huo, Mama Masele,” Jilala akadakia. “Inatafuta mchumba.”

Wakacheka. Masele ndiye aliyenijibu. “Ni pampu inavuta, Mayu. Mshale wa geji inayopima mvuto wake haujawahi kushuka hivi. Ikivuta sana ndiyo nguvu yenyewe.”

Watu walikuwa wameshaanza kuja. Wa bodaboda waliacha abiria, wapakiaji wa pamba wakashuka kwenye lori, wote wamesimama kuusikia ule mluzi, na kila siku wanaongezeka. Hapa naomba mnielewe. Masele amekulia kwenye ngoma za baada ya mavuno. Kule makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na hakuna hakimu. Kundi linalovuta watu upande wake ndilo limeshinda, basi. Mjomba wake aliongoza ngoma miaka mingi, na mtoto alijifunza kutazama watu wanaelekea wapi ndipo ajue kama jambo limekaa sawa. Kwenye ngoma kipimo hicho hakidanganyi. Alipoona uwanja wa gereji umejaa, akaridhika na injini. Abdulrazak naye akasema mluzi uachwe hivyohivyo, wa Shinyanga wakiusikia tu watatetemeka.

Jumapili wakalitoa kwenda kulijaribu mara ya mwisho, kuelekea Nyakabindi. Dereva Abdulrazak. Lakini dereva anayekimbiza gari hawezi kutazama geji, lazima awepo wa kumsomea. Masele akapanda. Mimi nilikuwa kanisani.

Aliyeniletea habari ni kijana wa bodaboda, na alivua kofia kabla ya kusema. Injini ilikuwa imekwama ghafla kwenye mwendo. Chuma kilivunjika ndani kikatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika chini ya matairi, gari likateleza likaingia mtaroni kwa upande alioketi mwanangu. Abdulrazak alitoka na mikwaruzo. Masele nilimkuta hospitali, paja limevunjika, uso una rangi ya majivu, lakini anapumua. Nilimshika mguu ule usiovunjika nikaushikilia.

Jilala aliifungua injini, akaja wodini kutueleza, na siku hiyo hakutania. Soksi ilikuwa imeganda kwa nyuzi, vumbi na oili mpaka imekuwa kama ngozi. Valvu ilitaka kuingiza hewa ikashindwa. Pampu ikazidi kunyonya, ikavuta hata ule ukungu wa oili unaolainisha pini za pistoni. Pini zikakauka, zikageuka bluu kwa joto. Na sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa imevutwa ndani mdomo wake ukakunjika, hewa ikipenya pale kwa nguvu. Ule mluzi ulitoka hapo.

“Ilikuwa inalalamika,” Masele akasema. “Mimi nikawaacha watu waje kusikiliza.”

Abdulrazak alikuja nyumbani Masele aliporuhusiwa. Aliomba radhi vizuri, machozi yalimlenga, nami nikamkaribisha chai. Halafu akasema injini nyingine imeshapatikana. Niliweka birika chini. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumfukuza, lakini Masele akawahi.

“Pampu nitaifunga tena,” akamwambia. “Itazungushwa gari likiwa juu ya stendi mpaka niridhike. Geji ikivuka alama nazima, hata kama sijui sababu. Na ndani yake sikai.”

“Sasa nani atanisomea geji?”

“Utaisoma mwenyewe, polepole. Ukishindwa, basi usiende Shinyanga.”

Abdulrazak alinitazama mimi, labda alitegemea nimtetee. Nikamwambia, “Baba, umemsikia fundi wako.” Lakini moyo wangu haukukubali, na mpaka leo haujakubali. Ningependa lile gari lirudi Tanga.

Nyie wenye watoto wa spana, siwaambii muwazuie, hamtaweza. Waulizeni kila wanachokivalisha kinahitaji kupumua wapi. Kilichozoeleka kwenye trekta kisipelekwe kwenye injini nyingine kwa mazoea tu. Na sauti isiyojulikana izimwe kwanza, ndipo ielezwe.

Alipoanza tena kazi, bado na magongo, watu walisikia wakaja kutaka gari liwashwe waone. Masele alimwambia Jilala afunge geti. Wakapiga kelele nje, wakamwita fundi mwoga, wengine wakaimba kabisa. Yeye alikuwa amekaa, mguu ameunyoosha juu ya tairi, anakaza nati moja moja na kuitazama. Nilimpa chakula chake, nikakaa karibu mpaka wale watu walipochoka wakaondoka. Hakuinua kichwa.