Nguruwe wa Siku ya Tatu

Asubuhi ya siku ya tatu ya ndoa yangu, mama mkwe aliweka kapu la machungwa juu ya meza ya duka lao la vitambaa. "Haya, mpelekee mama yako."

Nikatazama kapu, nikatazama mlangoni. Nguruwe wa kuchoma hakuwapo.

Hapa Perak, nchini Malaya, mji wetu mzima wa machimbo ya bati unajua maana yake. Kwa Wachina wa Kikanton kama wakwe zangu, mwali akikutwa mzima, siku ya tatu kwao hupelekwa nguruwe mzima wa kuchoma, mwekundu, apitishwe barabarani kila jicho limwone. Asipoonekana, watu wamekwisha jua: binti alikuwa ameharibika. Na mama yangu, mjane wa Kihakka, Wachina wa kabila jingine, aliyeosha mchanga wa mtoni kutafuta bati mimi nikiwa mgongoni mwake, angewatazamaje wenzake?

"Mama, na nguruwe je?"

"Nguruwe wa nini? Nyie Wahakka mna mila gani? Mama yako akipata nyama si ataila amesimama, maji magotini!" Akacheka. Mume wangu, Wing Hoi, alizidi kukunja kitambaa ambacho kilishakunjwa.

Tangu niingie nyumba ile nilikuwa natazama tu. "Hiyo miguu au makasia?" aliniuliza siku ya kwanza, naye yake ilifungwa vitambaa tangu utotoni ibaki midogo, haendi jikoni bila kushika ukuta. Nikijisahau nikasema Kihakka, ananikata: "Hapa si mtoni." Mwosha bati hana haraka. Unazungusha sinia lako la mbao, mchanga unamwagika wenyewe, kizito kinabaki chini.

Nikangoja wateja. Wakaingia wake wawili wa sonara, na nyuma yao Mama Fong muuza tofu, ambaye neno likimwingia sikioni, adhuhuri liko soko zima. Mama mkwe aliposhika mkasi, nikasema kwa Kikanton changu kibovu, kwa sauti:

"Sawa, mama, nitakwenda bila nguruwe. Watu watasema moja kati ya mawili. Ama mimi nilikuwa nimeharibika, ama mwanao hakuweza. Na kule mtoni wananijua, mimi si wa kuharibika. Sasa sijui limebaki lipi."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"He! Wing Hoi, mwanangu," akasema Mama Fong, "kumbe?"

Wake wa sonara wakaficha nyuso kwenye mikono. Wing Hoi akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mama, agiza nguruwe!"

"Ngoja kwanza..."

"Sasa hivi, mama!"

Mama mkwe akanigeukia. "Mshenzi we! Huna haya?"

"Ninayo, mama. Ndiyo maana namtaka nguruwe."

Akapatikana. Wing Hoi na mchukuzi mmoja wakambeba kwa mti mabegani, nami nikatangulia. Njiani nikamwambia mume wangu kwamba kwetu mkwe hutoa chai amepiga magoti, tena kwa Kihakka.

"Mimi sikijui!"

"Neno moja tu: mama. Lirudie mpaka tufike."

Wanawake walitoka mtoni na masinia yao, nguo zikichuruzika, wakajipanga. Wing Hoi akapiga magoti kwenye udongo, akainua kikombe, akalitamka lile neno kwa ulimi uliopinda. Wakacheka hadi wakashikana. Mama yangu hakucheka. Alikunywa chai mpaka chini. Kisha akamkata yule nguruwe kichwa na mkia, akavifunga kwenye jani la mgomba virudi kwa wakwe, kama mila inavyotaka.

"Wasije wakasema hatujui," alisema.

Tuliporudi, nikakiweka kile kichwa juu ya meza ya duka, uso umemwelekea mama mkwe. Mama Fong alikuwa bado yupo. Sijui tofu yake ilimsubiri wapi.

"Mama," nikasema kwa Kihakka, "mama yangu anakusalimu."

"Sema lugha ya watu!"

"Ndiyo hiyo, mama."

Nikachukua mkia, nikaenda nao jikoni. Miguu yangu ilipiga sakafu ya mbao, kila hatua ikisikika mpaka barabarani, na ukuta sikuugusa.