Majina Sita Chini ya Nguzo Kumi na Mbili

Wenzake ofisini walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa katika miaka kumi na minne ya kuchora takwimu za zahanati hakuwahi kuiweka nukta mahali pasipostahili. Sifa hiyo aliiamini hata yeye, mpaka asubuhi dada yake alipompigia simu.

"Mdogo wangu, nasikia mnatufunga."

"Nani kasema?"

"Dereva wenu. Kaiona chati mezani kwa bosi wako, anasema nguzo yetu imekwenda juu kama mlingoti. Mimi ni mkunga, michoro yenu siijui. Lakini mwaka mzima tumefunga mlango siku tatu, na mbili kati ya hizo tulikuwa tunamzika mlinzi wetu."

"Dada, ngoja niangalie."

"Angalia kwa macho yote mawili. Bodi si inakaa saa nne?"

Akaifungua. Chati ilionyesha siku ambazo wagonjwa wa kila zahanati walikuta mlango umefungwa, na kwa utaratibu wa bodi, zahanati yenye nguzo ndefu kuliko zote hufungwa moja kwa moja. Nguzo zilikuwa kumi na mbili. Majina chini yake yalikuwa sita. Alihesabu mara ya pili, kama mtu anayehesabu ngazi alizokwisha kuanguka.

Sababu haikuwa na ajabu yoyote. Majina ya zahanati hutungwa na kamati, na kamati haivunji kikao mpaka kila mjumbe achangie neno. Ya dada yake iliitwa Zahanati ya Afya ya Mama, Baba na Mtoto, Tawi la Pili, Nyuma ya Tangi la Maji. Iliyoifuata katika orodha iliitwa Zahanati ya Kumbukumbu ya Wahisani Waliochangia Ujenzi wa Jengo la Wagonjwa wa Nje. Waraka wa ofisi ulikataza kufupisha hata herufi. Kompyuta, ilipokosa nafasi, ilikuwa imeandika jina moja na kuruka linalofuata, bila kumwarifu mtu, na kila jina lililosalia likajitandaza chini ya nguzo mbili. Ndivyo siku tisini na moja za Wahisani zilivyopata kusimama, wima na bila haya, juu ya Tangi la Maji.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo angependa kulisahau. Alifungua droo, akatoa chati ya mwaka uliopita, aliyoichora kwa mtindo uleule. Nguzo kumi na tatu, majina saba. Zahanati ambayo bodi iliifunga mwaka ule ilikuwa miongoni mwa yale saba. Alilinganisha na daftari la mahudhurio. Nguzo ndefu ilikuwa ya jirani yake katika orodha, ambaye jina lake lilirukwa.

Akairudisha chati, akafunga droo, akatia ufunguo mfukoni. Sasa hakuwa na pa kutokea. Kuieleza chati ya mwaka huu kulikuwa kuiungama ile ya mwaka jana. Kunyamaza kulikuwa kumfunga dada yake.

Alipunguza herufi, zikafanana na mayai ya chawa. Aliyainamisha majina, yakalaliana kama abiria waliosinzia. Mwishowe alizilaza nguzo zenyewe, na kila jina likapata mstari wake upande wa kushoto, likakaa kwa starehe. Akaipeleka kwa Mkurugenzi, mama aliyetia saini ile ya mwaka jana.

"Hizi zimelala, Bwana Nukta."

"Ndiyo, Mama. Ili majina yasomeke."

"Nguzo ikilala ni gogo. Bodi imezoea zinazosimama. Watalinganishaje na za mwaka jana?"

"Mama, tatizo la majina ni kwamba…"

"Na dada yako si yumo humu humu?" Alimtazama juu ya miwani. "Usinitafutie maneno. Nataka zisimame."

Zikasimama. Bwana Nukta hakubadili chochote katika chati ile. Aliigeuza yote robo mzunguko, akaichapa. Nguzo zikawa wima kama askari, na chini yake majina kumi na mawili, kamili, yakiwa yamesimama kwa ncha. Mkurugenzi alizikagua nguzo, hakuyakagua majina.

"Unaona? Ilikuwa kazi gani?" akasema, akitia saini.

Saa nne wajumbe saba wa bodi waliinamisha vichwa upande mmoja, kama watu wanaosikiliza ukuta. Mwenyekiti ndiye aliyegundua kwamba karatasi hugeuzwa. Akaigeuza, wengine wakafuata, naye akasoma kwa sauti, kidole kikitembea.

"Kumbukumbu ya Wahisani… siku tisini na moja. Hao wahisani wana habari?" Mjumbe mmoja alicheka, akamaliza peke yake. "Na hii ya Nyuma ya Tangi?"

"Siku tatu, Mheshimiwa," akajibu Bwana Nukta.

"Tatu tu? Basi iendelee."

Dada yake alikuwa amepona, kwa maneno mawili na robo mzunguko wa karatasi. Bwana Nukta akaanza kukusanya kalamu zake. Mwenyekiti, hata hivyo, hakuwa ameiweka karatasi chini.

"Safari hii majina yote yapo. Ya mwaka jana, nikikumbuka vizuri, yalikuwa machache. Mengine yalikwenda wapi?"

Mkurugenzi alimgeukia mchoraji, kama mtu anayengoja kuelimishwa.

"Ile chati ipo?" Mwenyekiti aliuliza.

Ufunguo mfukoni ulikwisha kupata joto la mwili.

"Ipo, Mheshimiwa."

"Wapi?"

"Kwangu. Kwenye droo."

"Kailete. Tunakungoja."

Njia ya kwenda mlangoni ilipita nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Mama alikisogeza ili ampishe. Alikisogeza kidogo sana.